Msumari Nambari Kumi na Tatu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Prefe wetu, mkuu wa shule, amestaafu. Amerudi kwao Beni kufuga nguruwe. Kiti chake kimebaki. Kina magurudumu, kinazunguka, kina mahali pa kuegemeza mikono. Nimekitazama kiti hicho miaka kumi na minne kutoka upande wa pili wa meza.

Mama Marie-Louise, mwenye shule, alituita ofisini, mimi na Kasereka, mwalimu mwenzangu wa hesabu. Alisema prefe lazima awe na lisansi, shahada ya chuo kikuu. Mimi na Kasereka tumebakiza somo moja kila mmoja, somo lile lile, chuo kile kile, tunasoma pamoja na vijana. Atakayeleta pointi nyingi zaidi tarehe 20 atakalia kiti. Kasereka alisema Mungu ndiye mpangaji. Nilisema amina. Huyu mtu ana miaka thelathini na tisa na hajawahi kumaliza kitabu ambacho hakina namba ndani.

Somo linaitwa Kujisimamia katika Masomo ya Mtandao. Linafundishwa kwenye simu, maana Profesa Charline yuko Butembo na barabara iko kama ilivyo. Masharti: saa arobaini za kutazama video, maswali kumi na mawili ya kujibu kwa maandishi, na mahojiano kwa video Jumamosi ya tarehe 18. Saa zinahesabiwa na mtambo wenyewe, na kila mwanafunzi anaona za wenzake. Aibu imewekwa hadharani kama nguo za kuanika.

Msimamo wangu juu ya masomo ya mtandao unajulikana. Ninaandika Barua ya Wazi kwa Vijana Wasiojua Kujitawala. Itakuwa na kurasa kumi na moja. Nimefika ukurasa wa tatu. Nilianza mwaka juzi.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimechora ratiba. Rula, kalamu za rangi nne. Nyekundu ni video, kijani ni maswali, bluu ni kupumzika, nyeusi ni mengineyo. Kazi nzuri sana. Imechukua siku nzima.

Saa zilizotazamwa: sifuri. Kasereka: mbili.

Binti yangu Fabiola aliitazama ratiba, akauliza kwa nini bluu ni nyingi. Fabiola ana miaka ishirini na mmoja, yuko darasa moja na mimi. Tena ndiye CP, kiongozi wa darasa. Nyumbani ananiita papa. Kwenye kikundi cha WhatsApp ananiita nambari thelathini na moja. Anaamka saa kumi na moja, anatazama video moja kabla ya kwenda kuteka maji, anaandika mistari mitano kwenye daftari, basi. Hana ratiba yoyote ya rangi. Nilimwambia hiyo si njia ya kisayansi. Aliniambia tayari ana saa sita.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Nilikaa. Nilifungua video ya kwanza. Profesa alisema mwanafunzi wa kweli anajua mawazo yake yako wapi. Niliamka shingo inauma.

Mtambo una ujanja wa kishetani. Kila dakika kumi na mbili video inasimama na kuuliza kama bado uko. Lazima ubonyeze NIKO HAPA. Usipobonyeza, saa hazihesabiwi. Nimelala dakika tisini, nimelipwa kumi na mbili. Hakuna serikali yoyote duniani iliyonitendea hivyo.

Halafu simu ikazima. Umeme mtaani kwetu haujaonekana tangu Jumapili. Nilipeleka simu kwa Mama Donatille pale kona, anayechaji simu za nusu ya mtaa wetu wa Mabanga kwa paneli zake za jua. Ana ubao mkubwa ukutani, misumari thelathini, kila msumari na nambari. Alinipa kibati nambari kumi na tatu, akaning'iniza simu yangu, nikaenda shuleni.

Nilirudi saa kumi na moja jioni. Saa zilizotazamwa: sita na nusu.

Nilimuuliza imekuwaje. Alisema, "Papa Aubin, simu yako iko nasema sana. Ilipopata moto kidogo ya umeme ikaanza yenyewe. Kiisha ikanyamaza katikati ya neno, inauliza kama uko hapa. Nikaijibia niko hapa. Si ni kweli? Mimi niko hapa kila siku."

Nilimtazama yule mama kwa mara ya kwanza tangu nihamie mtaa huu.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Saa moja asubuhi nilikuwa wa kwanza kibandani. Nilimweleza Mama Donatille kwamba ni utafiti. Nilisema chuo kinapima uimara wa betri. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, lakini kwa sharti moja: sauti iwe juu. Profesa, alisema, ana sauti ya mtu aliyelala vizuri, na redio yake imeharibika tangu Pasaka.

Nilitumia siku nzima kuandika Barua ya Wazi. Ukurasa wa nne. Nimewachapa vijana vikali kwa kuwaachia wengine wawafanyie kazi zao.

Saa: kumi na tano. Kasereka: nne.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Saa: thelathini na mbili. Na maswali sita yamejibiwa.

Hilo sikulipanga. Nilikwenda kuuliza. Mama Donatille alisema video ilikataa kuendelea mpaka swali lijibiwe, na yeye alitaka kujua somo la nne linaishaje. Alijibu kwa Kifaransa. Niliona pointi: tisa kwa kumi, tisa kwa kumi, kumi kwa kumi. Nilimuuliza alijifunza wapi. Alisema ana diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, tangu mwaka 2004, alisomea Rutshuru, na ingekuwa vita haikuja angeendelea. Diploma iko ndani ya plastiki, chini ya godoro. Kisha akaniomba nisogee, nimeziba mwanga wa paneli.

Sikusoma majibu. Mtu mwenye kumi kwa kumi hana sababu ya kujikagua.

Jioni Fabiola aliniuliza ni kitu gani nilikipenda katika somo la nne. Nilisema vyote. Aliuliza mfano wa profesa kuhusu sufuria ya maharagwe niliuonaje. Nilisema wenye nguvu. Aliendelea kunitazama. Huyu mtoto ana macho ya bibi yake.

Kasereka: saa tano. Nilikutana naye shuleni, uso umemwingia ndani. Alisema anajitahidi. Nilimshauri achore ratiba.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Kasereka: ishirini na tatu.

Haiwezekani. Jana ilikuwa Jumapili, nilimwona kwa macho yangu akiimba besi misa ya kwanza na misa ya pili. Mtu hawezi kuimba besi na kujisimamia kwa wakati mmoja.

Baada ya vipindi nilimfuata kwa mbali. Alipita duka la dawa. Alipita kwa fundi viatu. Alisimama kwa Mama Donatille.

Msumari nambari kumi na nne. Bega kwa bega na simu yangu. Simu zote mbili zinasema, yangu somo la kumi, yake somo la tano, kama kwaya iliyokimbiwa na mwalimu wake. Katikati amekaa Mama Donatille anachambua samaki wadogo, sambaza, anabonyeza kushoto, anabonyeza kulia.

Nilimwambia Kasereka kwamba huo ni wizi wa elimu, ni kutukana taifa, ni kuwauzia watoto wetu ujinga uliopigwa muhuri. Nilisema kwa dakika chache. Watu walisimama. Nilipomaliza, Kasereka aliuliza nambari kumi na tatu ni ya nani.

Nilimgeukia Mama Donatille. Nilisema alipaswa kunijulisha. Alisema, "Muzee, mimi ninachaji simu, sichague sura. Huyu alikuja Jumamosi, na yeye aliniambia ni utafiti wa betri." Kisha akasema kama tunapenda kuendelea kugombana tugombanie upande wa kule, profesa anaeleza jambo.

Tumekubaliana, mimi na Kasereka, kutosemeana. Ni mapatano ya watu wazima.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Siku ngumu.

Saa nne asubuhi Profesa Charline alituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi. Wanafunzi arobaini na wawili. Alisema kuna wawili waliomshangaza, nambari thelathini na moja na nambari kumi na tisa. Mimi na Kasereka. Alisema katika miaka yake ya kufundisha hajapata majibu yenye maisha ndani yake kama haya. Nilikuwa katika chumba cha walimu. Niliongeza sauti ya simu ili wenzangu wanufaike.

Alisema atasoma jibu la swali la saba. Swali: eleza wakati ambapo ulilazimika kuupanga muda wako mwenyewe katika hali ngumu. Akasoma jibu langu.

"Mwaka ule nilikuwa ninanyonyesha mapasa, watoto wangu pacha. Tulikuwa tumekimbilia Munigi, chini ya turubai. Mmoja akilala mwingine anaamka. Nilitambua kwamba nikingoja wote walale sitafanya lolote maishani. Nikaanza kuhesabu siku yangu kwa maziwa: ziwa la kushoto, ninapanga kazi, ziwa la kulia, ninajiuliza kama niliyopanga jana niliyafanya."

Mwalimu wa jiografia alizima redio ili asikie vizuri.

Profesa aliendelea. Alisema jibu la nambari kumi na tisa linafanana sana na hilo, isipokuwa yeye alianza na ziwa la kulia. Alisema ana hamu kubwa ya kutuona Jumamosi. Na kwa kuwa majibu yetu yanafanana kama mapasa wenyewe, atatuhoji pamoja.

 Kisha kijana mmoja aliandika: "Papa Mapasa, shikamoo." Wakafuata wengine thelathini na wanane. CP alifunga kikundi kwa saa sita ili kulinda utulivu.

Nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Henriette, mke wangu, alikuwa anapima maharagwe ya kuuza. Aliweka kopo chini. Aliuliza mapasa wako wapi. Nilisema hakuna mapasa. Aliuliza ni kwa nini profesa wa Butembo awajue na yeye asiwajue. Nilisema ni mfano wa kitaaluma. Alisema amenizalia watoto watano na hajawahi kuniona nimebeba hata mmoja kuvuka barabara, kwa hiyo mfano huo ni wa nani?

Mtaa mzima unajua kuna mama mmoja tu wa mapasa pale kona. Jina lake la heshima ni hilo hilo, Mama Mapasa. Jina la Donatille tunalitumia sisi watu wa ofisi.

Nimelala na njaa.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Nilikwenda chuoni kudai heshima yangu. Vijana walinisubiri mlangoni na wimbo. Mzazi wa mapasa hasalimiwi mikono mitupu, hiyo ni desturi, na walikuwa wameiheshimu kikamilifu. Mayai mawili. Maparachichi mawili. Kalamu mbili. Sabuni mbili.

Nilipokea. Kukataa zawadi ya mapasa kunaleta mkosi, hata kama mapasa hawapo.

Fabiola alinivuta pembeni. Alisema, "Papa, sema ukweli kwa profesa leo, mbele ya kesho kufika. Atakupa nafasi ya kurudia. Mimi nitakaa na weye, video moja kila asubuhi." Alisema kwa upole. Hilo ndilo linalokasirisha. Nilimkumbusha kwamba nilikuwa ninasoma vitabu vinene kabla mama yake hajajua jina langu.

Mpango wa kesho uko tayari. Ni mwepisi, kama mipango yote mikubwa. Mahojiano nitayafanyia kibandani. Sababu: simu ipate moto wa kutosha. Mama Donatille atakaa chini ya meza, nyuma ya gunia la sambaza, na kuninong'oneza majibu.

Nilitegemea atakataa. Alikubali papo hapo. Alisema hafanyi kwa ajili yangu. Ana swali kwa profesa kuhusu somo la tisa.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Nilifika saa mbili. Kasereka alikuwa amefika saa moja na nusu. Suti, tai, kitana mfukoni. Mpango ule ule, gunia lile lile. Tulikaa bega kwa bega kama wanaopigwa picha ya ndoa, Mama Donatille miguuni petu.

Profesa Charline alitokea kwenye skrini. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani. Alitusalimu kwa heshima yote ya wazazi wa mapasa. Kisha aliuliza tofauti kati ya kupanga kazi na kujikagua.

Chini ya meza sauti ilisema. Nilisema. Kasereka naye alisema, neno moja nyuma yangu. Tulikwenda hivyo maswali matatu. Profesa alikuwa anaandika. Nilianza kukiona kile kiti. Nilikuwa hata nimeamua kitatazama dirisha lipi.

Ndipo mteja akaja kuchukua simu yake. Hakumwona mwenye kibanda. Akaita Mama Mapasa mara tatu, kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Kutoka chini ya meza Mama Donatille akamjibu asubiri. Sisi wawili, kwa uaminifu, tukamwambia profesa: subiri.

Profesa aliweka kalamu chini. Alisema hana maswali zaidi ya masomo. Angependa tu kujua majina ya wale watoto. Wale mapasa.

Chini ya meza kimya. Nadhani alikuwa amefikwa na mshangao. Nikasema Achille. Kasereka, sekunde ile ile, akasema Julien. Nikaona si vibaya, tumepata wawili. Nikaongeza kwamba ni vijana wenye nguvu.

Meza iliinuka. Mama Donatille alisimama na magamba ya sambaza kwenye kitambaa cha kichwa. Alisema mengine yote angevumilia. Alisema, "Mapasa yangu iko basichana. Uwizeye na Miriam. Wako na miaka kumi na saba, wako kwa masomo saa hii, na hawa bapapa hawajabanunulia hata kalamu."

Nilitoa zile kalamu mbili za jana, nikaziweka mezani. Nilidhani ingesaidia.

Kisha Mama Donatille aliinamia skrini na kuomba radhi kwa kuingilia. Alisema somo la tisa linasema mwanafunzi achague mahali patulivu pa kusomea. Aliuliza, asiye na mahali patulivu afanyeje? Yeye amesoma masomo yote kumi na mawili kati ya simu thelathini, akitoa vibati, akirudisha chenji, na ameyashika. Je, somo limekosea au yeye ndiye kosa?

Profesa alivua miwani. Alisema somo limekosea. Alimwomba akae. Mama Donatille alitazama huku na huku. Kasereka alimpa kiti chake. Mimi niliombwa nishike simu, mkono usitikisike. Nilishika dakika arobaini na tano. Sikuelewa sana walichozungumza, lakini walicheka mara nyingi, na mara moja profesa aliandika kitu na kukipigia mstari.

Mwishoni profesa aliuliza kama wale mababa wawili bado wapo. Nilibonyeza kidole hewani bila kufikiri. Nikasema niko hapa.

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Matokeo. Nambari thelathini na moja: sifuri. Nambari kumi na tisa: sifuri. Tutarudia somo mwezi wa kwanza.

Fabiola: kumi na saba kwa ishirini. Hakuleta kelele. Alikuwa amekwenda chuoni na Mama Donatille na ile diploma ya Serikali, bado ndani ya plastiki yake. Wamemwandikisha. Kwenye kikundi sasa tuko arobaini na watatu. Nambari arobaini na tatu alisalimu darasa lote, akauliza kama kuna mtu ana daftari la mwaka wa kwanza la kuazima. Walijitolea kumi na moja. Wote vijana. Nimeliona hilo.

Mama Marie-Louise alitupokea ofisini, mimi na Kasereka. Alikuwa amekalia kile kiti. Alisema amesikia habari, hasa ya kunyonyesha. Alisema kiti kitangoja, na hata kikingoja miaka mitano, yuko mama mmoja Mabanga anayeanza kusoma sasa na anaonekana kuwa na haraka. Kisha akazunguka kwenye kiti, polepole, mzunguko mzima, akatufungulia mlango.

Pale kona, misumari kumi na tatu na kumi na nne imeng'olewa. Yamebaki matundu mawili. Chini yake Mama Donatille ametundika ratiba yake, mistari mitano, penseli.

Henriette amenirudishia chakula. Alipiga hesabu akiwa anachambua maharagwe, alisema kutoka leo hadi mwezi wa kwanza, saa arobaini ni nusu saa tu kwa siku. Nikae, nitazame, nibonyeze mwenyewe. Nilimweleza kwa subira kwamba tatizo langu halikuwa saa, lilikuwa uchaguzi mbaya wa msaidizi. Mtu mwenye historia ndefu ya maisha hafai kwa kazi ya namna hii.

Nimeshafanya utafiti. Munigi yuko mchaji simu anayeitwa Nsengimana. Misumari hamsini. Hajaoa, hana mtoto, hakuwahi kulea hata mbuzi, na nimethibitisha kwa majirani wawili kwamba hajawahi kupatwa na jambo lolote. Kesho naenda kumwona kuhusu utafiti wa betri.

Leo ninachora ratiba mpya. Rangi tano. Barua ya Wazi imefika ukurasa wa tano, na vijana hawatanisahau.